Mabaki ya L'Utile: usiguse, toa taarifa

Wazamiaji na wapenzi wa historia wanazidi kutuuliza kama kuna dhahabu katika L'Utile, meli ya Kampuni ya Ufaransa ya India ya Mashariki iliyovunjika kisiwani Tromelin, mashariki mwa Madagaska. Wengi wana nia njema. Ila tunaomba suala la dhahabu liishe: thamani ya mabaki haya ni habari za watu.

Tena, nahodha Tromelin, ambaye kisiwa kimepewa jina lake, hakukigundua. Mabaharia wa meli ya Ufaransa La Diane walikiona mwaka 1722. Kukiona ni jambo moja, kukiweka mahali pake kwenye ramani ni jambo jingine, maana nahodha wa zama zile hakuwa na njia ya uhakika ya kupima longitudo, yaani umbali wa mahali kuelekea mashariki au magharibi. L'Utile ilikuwa na ramani mbili zisizokubaliana. Usiku wa Julai 31, 1761, ikapanda mwamba.

Ngamani mlikuwa na Wamalagasi wapatao 160, waliopakiwa Foulpointe, bandari ya Madagaska, wauzwe utumwani, kinyume cha katazo la gavana wa Isle de France (Mauritius ya leo). Mifuniko ilikuwa imefungwa. Wengi walikufa maji. Baada ya miezi miwili Wafaransa 122 waliondoka kwa chombo walichokiunda kwa mbao za meli, wakawaahidi Wamalagasi wapatao 60 kwamba watafuatwa. Walifuatwa Novemba 29, 1776, na meli La Dauphine, nahodha wake akiwa Tromelin. Walikuwa wamebaki wanawake 7 na mtoto mchanga wa miezi 8. Bibi yake mtoto akabatizwa kwa jina la meli: Dauphine.

Miaka ile 15 waliishije? Jibu limetoka mchangani, katika uchimbuzi ulioanza 2006: kuta nene za mawe na matumbawe za kukinga upepo, mifupa ya kasa na ndege, na vyombo vya shaba vilivyotobolewa na kupigwa kiraka juu ya kiraka. Bakuli la namna hiyo likibebwa kama kumbukumbu ya safari, hakuna tena wa kuvihesabu viraka vyake.

Sasa utaratibu. Chini ya sheria ya urithi wa kitamaduni ya Ufaransa, nchi inayokisimamia kisiwa hicho (Mauritius nayo inakidai, na suala hilo si letu kuliamua), anayekuta mali ya kale baharini huiacha ilipo na kuitolea taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 48, zikihesabiwa tangu aione au afike bandari ya kwanza. Asiyetoa taarifa anaweza kutozwa faini ya euro 3,750. Kupima, kuchimba au kuokota bila kibali ni kosa jingine, faini euro 7,500. "Sikujua" si utetezi, na picha uliyoiweka mtandaoni si taarifa.

Kushuka kisiwani nako kunahitaji kibali, na maombi hupelekwa kwa utawala wa Maeneo ya Kusini na Antaktika ya Ufaransa (TAAF), ulioko Saint-Pierre, kisiwani Réunion, kabla ya safari.