Kuchapa zege kwenye joto la Maskati: mengi huamuliwa kabla lori halijafika

Ninachapa zege hapa Maskati na mwambao wa Batina: nyua za nyumba, maegesho ya magari, kandokando ya mabwawa ya kuogelea. Swali ninaloulizwa zaidi, na wenye nyumba na hata na mafundi wanaokuja kutoka Dar au Mombasa, ni kama zege la nakshi linahimili jua la huku. Linahimili. Likishakomaa, jua halina la kulifanya zaidi ya kupausha rangi mbaya. Hatari imejaa kwenye saa tano sita za mwanzo, zege likiwa bado bichi, na hapo kinachoua kazi ni sehemu ya juu kukauka huku ya chini ingali laini. Karibu kila uamuzi ninaoufanya, kuanzia saa ya kumwaga hadi rangi, unatokana na jambo hilo moja.

Kwa asiyeijua kazi hii: unamwaga zege la kawaida, sentimita 10 kwenda chini kama ni pa kupita watu, 12 hadi 15 kama magari yatapanda. Unalisawazisha, unalipaka poda ya rangi, unalipiga pasi (chuma bapa cha kulainishia uso), unarushia poda ya kuachisha ili mpira usinate, kisha unapanga mikeka ya mpira mgumu yenye sura ya mawe, matofali au mbao, na kuikanyaga na kuigonga mpaka sura ihamie kwenye zege. Ufundi huu ulikulia California miaka ya 1950, ambako Brad Bowman alikuwa akichapa kwa mihuri ya chuma. Mikeka ya mpira ilikuja baadaye, na ndiyo iliyowezesha kuiga uso wa jiwe wenyewe, mikwaruzo na mabonde yake, badala ya mistari mitupu.

Kuna wakati mmoja tu unaofaa kuchapa. Ukiwahi, mkeka unazama na zege linapanda pembeni. Ukichelewa, unagonga hadi mikono inakufa ganzi na jiwe halitokei. Mimi napima kwa kidole gumba: kikizama kama nusu sentimita, kikaacha alama safi, na zege lisinate kwenye ngozi, tunaanza. Mahali pa baridi fundi anaweza kuwa na saa moja na zaidi ya kufanya kazi hivyo. Hapa kwetu Julai, asubuhi ikikosewa, unapata dakika ishirini, na katika dakika hizo kidole chenyewe kinaweza kukudanganya.

Kinadanganya hivi. Zege bichi likitulia, maji hupanda juu polepole. Hewa inayachukua. Maji yanayochukuliwa yakizidi yanayopanda, uso unaganda utando kama wa uji uliopoa, na chini yake uji ungali uji. Ukibonyeza, kidole kinakutana na utando, unadhani zege limefika. Unaweka mkeka, unakanyaga, utando unavunjika. Mkeka ukiinuliwa unaona nyufa nyembamba kama nywele zimepangika kando ya kila mstari wa chapa, hasa pale mstari ulipozama zaidi. Ukipita mkono juu yake unahisi kingo zimeinuka kidogo. Nyufa hizo hazina dawa nzuri. Unaweza kuzisugua kwa mpira mwembamba wenye sura ileile zikaziba juujuu, lakini rangi imekwisha kuachana na zege mahali hapo.

Miongozo ya taasisi ya zege ya Marekani, ACI, inatahadharisha pale hewa inapochukua lita 1 ya maji kwa saa katika kila mita ya mraba. Kuna kanuni ya hesabu inayounganisha joto la hewa, joto la zege, unyevu na upepo, na mimi hufanya hesabu hiyo jioni ya kuamkia kazi. Chukua usiku wa kawaida wa pwani: nyuzi 32, unyevu asilimia 75, upepo wa kilomita 5 kwa saa. Jibu ni kama lita 0.2. Chukua sasa siku ya gharbi, ule upepo mkavu unaotoka jangwani ukishukia Batina: nyuzi 43, unyevu asilimia 12, upepo kilomita 25, zege lenyewe nyuzi 35. Jibu ni karibu lita 2.5. Ni zaidi ya mara kumi, na kilichobadilika sana hapo ni unyevu na upepo kuliko joto. Ndiyo maana nasema usiku wa fukuto, ambao kila mtu anaulaani, shati limegandana na mgongo, ni rafiki wa mchapaji. Gharbi ikitabiriwa, naahirisha. Mteja akinung'unika, namwonyesha hesabu.

Sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na ni sheria ninayoiunga mkono kwa moyo wote kwa sababu ya watu, achilia mbali zege. Lakini kwa kuchapa haitoshi. Kiangazi lori linatakiwa lifike saa tisa au saa kumi za usiku, ili mkeka wa mwisho uinuliwe kabla jua halijapanda ukuta wa jirani. Jua likigusa nusu ya sakafu na nusu ikabaki kivulini, una sakafu mbili zinazoganda kwa mwendo tofauti, na utaiona mipaka ya kivuli kwenye rangi miaka yote. Wala usidhani usiku ni dhamana. Juni 2018, Quriyat, mji wa pwani kusini-mashariki mwa Maskati, ulipitisha saa 24 joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6. Usiku kama huo hakuna kumwaga.

Kabla lori halijafika, ardhi imeshanyweshwa na boza tangu magharibi, iwe na unyevu bila madimbwi, maana udongo mkavu wenye joto unafyonza maji ya zege kutoka chini. Nondo zimefunikwa zisichemke. Turubai zimesimamishwa upande wa upepo. Mikeka imepangwa kwa mfuatano, na wachapaji wanajua nani anaanzia wapi. Zege nalipima joto kwenye mdomo wa lori: ACI inaruhusu hadi nyuzi 35, mimi nasimamia 32, na kiwanda kinafika hapo kwa barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto sawasawa na kupoza kilo moja ya maji kwa nyuzi 80. Barafu inahesabiwa ndani ya maji ya mchanganyiko, haiongezwi juu yake. Na hakuna mtu, awe dereva, msimamizi au mwenye nyumba, anayeruhusiwa kuongeza maji kwenye lori eti zege linakazana. Zege gumu kidogo nitapambana nalo. Zege lililotiwa maji litapauka, litachubuka, na lawama itakuwa ya chapa.

Kuna dawa za kuchelewesha kuganda, na wengi wanazikimbilia. Nazitumia kwa tahadhari, kwa sababu zinachelewesha zege zima ila hazizuii uso kukauka. Ukizidisha, chini panabaki laini muda mrefu zaidi huku juu hewa inaendelea kunyonya, yaani umeupa utando nafasi ya kukua. Napendelea saruji iliyochanganywa na mavi ya chuma yaliyosagwa, ambayo viwanda vya Ghuba vinayo kwa wingi. Inaganda taratibu, inatoa joto kidogo, inastahimili chumvi, na rangi yake ni nyeupe zaidi hivyo rangi nyepesi zinatoka safi. Juu ya uso tunapuliza dawa ya maji inayotengeneza filamu nyembamba sana ya kuzuia uvukizi, mara baada ya kusawazisha na tena ikihitajika. Maji matupu hatunyunyizi kamwe.

Rangi nayo inafuata hesabu ileile. Poda ya rangi, kilo 3 hivi kwa mita ya mraba, hurushwa kwa awamu mbili: theluthi mbili kwanza, kisha iliyobaki. Ni nzuri mno, kwa sababu inaufanya uso uwe mgumu na rangi iwe kali. Lakini inategemea unyevu uliopanda juu ya zege ili ilowane na kushikana nalo. Uso ukiwa mkavu, poda inakaa juu kama vumbi, fundi anaibana kwa pasi, inaonekana imeshika, na baada ya miezi michache inabanduka vipande. Kwa hiyo Juni hadi Agosti nawashauri wateja wachukue rangi iliyochanganywa ndani ya zege tangu kiwandani. Haiko kali vile, inagharimu rangi nyingi zaidi, lakini haibanduki. Poda ya kuachisha nairusha hewa ikiwa imetulia, ile ya alfajiri. Upepo ukivuma inaishia kwenye ukuta wa jirani, basi natumia ya maji, na ninaipuliza mkeka kwa mkeka kwa sababu kwenye joto inakauka upesi.

Angalia pia asili ya rangi. Nyekundu, njano, kahawia na nyeusi zinazotokana na oksidi ya chuma ni kutu iliyotengenezwa kiwandani, na jua haliipaushi kwa urahisi. Nyeusi ya masizi ya kaboni ni nafuu na inapendeza siku ya kwanza, ila chembe zake ni ndogo sana na zinatoka kidogo kidogo kadiri sakafu inavyooshwa.

Na weusi wenyewe ninaupinga, hasa kando ya bwawa. Lami mpya inarudisha kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua unaoiangukia. Zege jipya la kijivu hurudisha 35 hadi 40, na la saruji nyeupe hufika 70 hadi 80. Kinachobaki kinageuka joto ndani ya sakafu, na watoto wanatoka majini miguu mitupu. Mteja akiniletea picha ya ua wa Ulaya wenye rangi ya makaa, namwomba aje saa saba mchana kwenye sakafu mbili nilizozichapa, moja ya rangi ya mchanga na moja ya kijivu kizito, avue viatu. Hapo hatubishani tena. Chagua rangi ya mchanga, ya chokaa, au ya mawe ya milima yetu ya Hajar kwa upande wake mweupe. Mistari nayo unaweza kuitia rangi nzito kidogo, ina eneo dogo.

Baada ya kuchapa, desturi ya kulifunika zege kwa magunia na nailoni haifai, kwani kila mkunjo wa nailoni unaacha doa kwenye rangi. Tunatandika wavu wa kivuli juu ya fremu. Siku ya pili, jua likishatua, tunaosha poda iliyozidi na kupuliza dawa ya kuzuia maji yasitoke. Vanishi yenyewe inakuja zege likishakauka vizuri, na ipakwe jioni, siyo asubuhi. Asubuhi sakafu inapata joto, hewa iliyomo kwenye vitundu vyake inatanuka na kusukuma juu, na vanishi inajaa mapovu ambayo yanagandia humo. Jioni sakafu inapoa, hewa inarudi ndani na kuivuta vanishi pamoja nayo. Paka nyembamba, mara mbili, na changanya unga wa kuzuia utelezi. Baada ya miaka miwili au mitatu irudie. Ukipaka tabaka nene mara moja ili kuokoa safari, utapata weupe chini yake unyevu ukinaswa.

Weupe mwingine unatoka ardhini. Maeneo ya sabkha, yaani nyanda za chumvi, na mashamba mengi ya Batina ambako visima vimevutwa mpaka maji ya bahari yakaingia, yana chumvi tupu chini. Chumvi inapanda na unyevu, inatokeza juu, na inakula nondo njiani. Karatasi ya nailoni nzito chini ya zege ni lazima huko, pamoja na saruji inayostahimili salfeti. Mchanga wa matuta ya jangwani usiuguse hata ukiwa bure: upepo umeuchuja hadi zikabaki chembe ndogo mno, duara na laini, na kwa udogo huo zege lake linataka maji mengi na halina nguvu.

Viungo vya kukata, yaani mistari inayokatwa ili zege likipasuka lipasukie humo, weka kila mita 2.5 hadi 3 kwa zege la sentimita 10, kina robo ya unene, vikatwe siku hiyohiyo. Vipange vifuate mistari ya chapa visionekane. Sakafu ya mita 10 ikipanda nyuzi 40 inarefuka kama milimita 4, kwa hiyo iachanishe na ukuta kwa sponji. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Aliyekuwa Maskati Juni 2007 wakati wa kimbunga Gonu hahitaji kuelezwa kwa nini.

Wengine wananiandikia wanataka kujenga hivi nyumbani. Mlioko Lodwar, Garissa au Wajir, mwageni usiku na msiache turubai za upepo, kwani ukavu wenu nao unakausha uso upesi. Unguja na Dar hali ni nyingine: utando utawasumbua mara chache, mvua inaweza kuifuta chapa ikiwa mbichi, na kwenye kivuli cha mwembe sakafu itaota kuvu na kuteleza. Huko chukueni chapa yenye ukwaruzo mwingi, na vanishi ya kung'aa muiache.