Krismasi ya 1914: Mpira Ulikuwepo, Mechi Ndiyo ya Kubishaniwa

Desemba ikikaribia, simulizi ile ile huanza kuzunguka kwenye simu zetu: Waingereza na Wajerumani waliokuwa wakiuana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walitoka mahandakini usiku wa Krismasi 1914, wakaimba, wakapeana zawadi, wakacheza mechi, Wajerumani wakashinda 3–2, kisha vita ikaendelea. Msingi wa habari hiyo ni wa kweli. Ila imetiwa chumvi nyingi, na chumvi hiyo imefunika kazi iliyowatoa wengi wao mahandakini siku ile: kuzika maiti.

“Vita nzima ilisimama”

Haikusimama. Mapatano yalishika zaidi upande wa Waingereza, kuanzia kusini mwa Ypres, Ubelgiji, hadi karibu na La Bassée, Ufaransa. Hicho ni kipande cha kilomita 45 hivi katika mstari wa mapigano wenye mamia ya kilomita. Hata humo, kikosi kimoja kilikuwa kikibadilishana sigara na adui huku jirani yake akiendelea kufyatua risasi, na makumi ya wanajeshi wa Uingereza wamo kwenye orodha ya waliokufa tarehe 25 Desemba.

Kwa Wafaransa na Wabelgiji ilitokea pia, ila kwa uchache. Sioni ajabu. Mjerumani alikuwa amekalia ardhi yao na vijiji vyao, na si rahisi kumpa mkono mtu aliyelala nyumbani kwa mama yako. Wala si Wazungu peke yao waliokuwamo: askari wa Garhwal, kutoka milima ya kaskazini mwa India, waliopigana upande wa Waingereza, nao walikutana na Wajerumani karibu na Neuve Chapelle.

“Wakubwa walikubaliana”

Papa Benedikto XV aliomba silaha zinyamaze Krismasi ile, na serikali zikakataa. Mapema Desemba, Jenerali Horace Smith-Dorrien wa Uingereza alikuwa ameshawaonya maofisa wake wasiruhusu mazoea na adui. Kwa hiyo hakukuwa na karatasi iliyosainiwa.

Linganisha na Tanga, mwezi mmoja na ushee kabla. Waingereza waliposhindwa pale Novemba 1914, walipeleka bendera nyeupe na maofisa wa pande mbili wakapatana kuhusu majeruhi. Hayo yalikuwa mapatano ya kijeshi ya kawaida. Yale ya Krismasi yalianzia kwa askari na maofisa wa ngazi za chini, kila sehemu kivyake.

“Wimbo mmoja uliwayeyusha mioyo”

Nyimbo zilikuwepo. Wajerumani waliweka miti midogo ya Krismasi yenye mishumaa juu ya kingo za mahandaki, wakaimba, na Waingereza wakajibu. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini watu walithubutu kutoka, anza na matope. Mahandaki yalikuwa yamejaa maji, na sehemu nyingine umbali kati ya pande mbili haukufika mita 100, kiasi cha kusikia mwenzako akikohoa. Hata kabla ya Krismasi, sehemu kadhaa walikuwa wameshazoea kutopigana saa za chakula. Isitoshe, baadhi ya Wajerumani walikuwa wamefanya kazi Uingereza, wengine wahudumu wa hoteli, wengine vinyozi, na Kiingereza walikijua.

Na katikati ya mahandaki kulikuwa na wafu, wengine wamelala hapo kwa majuma. Karibu na Fleurbaix, Waskoti wa kikosi cha Gordon Highlanders na Wajerumani walizika pamoja. Kasisi wa Waskoti aliongoza ibada, Zaburi ya 23 ikasomwa kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, huku pande mbili zimesimama zinatazamana. Kwingine watu walitumia utulivu ule kutengeneza mahandaki na seng’enge zao, na wapo waliochungulia ngome ya mwenzao kwa manufaa ya baadaye. Urafiki ulikuwepo, na ujanja ulikuwepo.

“Ilichezwa mechi, Wajerumani wakashinda 3–2”

Hapa ndipo pana utamu, na ndipo panapopotosha zaidi. Matokeo ya 3–2 si ya kubuniwa juzi. Yalitokea kwenye gazeti la The Times tarehe 1 Januari 1915, katika barua ya ofisa wa kitengo cha tiba, ila alikuwa akieleza habari za kikosi kingine. Miaka mingi baadaye Johannes Niemann, aliyekuwa luteni wa kikosi cha 133 cha Wasaxon, yaani Wajerumani wa jimbo la Saxony, alisimulia mchezo dhidi ya Waskoti, kofia zikiwa ndizo magoli, naye akataja 3–2 hiyo hiyo.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa Kurt Zehmisch, luteni wa kikosi cha 134. Shajara yake, iliyogunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, inasema Waingereza walileta mpira na mchezo ukaanza. Naye Ernie Williams, Mwingereza aliyekuwapo upande wa Wulverghem, alieleza uzeeni kwamba halikuwa pambano hasa: watu wengi, mpira mmoja, kila mmoja akipiga anavyoweza. Kwa Kiswahili cha mitaani, ilikuwa chandimu. Refa hakuna, timu hakuna, na hakuna aliyehesabu magoli. Penginepo walipiga kopo la chakula.

Kwa hiyo atakayekuambia mpira haukuchezwa kabisa amekosea, na atakayekuonyesha picha ya wachezaji 11 kwa 11 amekosea zaidi.

“Walioshiriki walipigwa risasi, na habari ikafichwa”

Hakuna aliyeuawa kwa kosa hilo. Huko Frelinghien kapteni wa Royal Welch Fusiliers, C. I. Stockwell, alipokea pipa za bia kutoka kwa Wajerumani na kuwapa keki za Krismasi. Tarehe 26, saa 2:30 asubuhi, alipiga risasi tatu hewani kutangaza kwamba vita imerudi, na ofisa wa upande wa Wajerumani akajibu kwa mbili. Mwaka uliofuata amri zilikazwa. Sir Iain Colquhoun wa Scots Guards alishtakiwa kwenye mahakama ya kijeshi kwa kuruhusu mapatano ya Krismasi ya 1915, akapewa karipio, nalo likafutwa.

Magazeti ya Uingereza, kwa upande wao, yalichapisha barua za askari, na Januari 1915 Daily Mirror liliweka picha yao ukurasa wa mbele. Waliobana habari zaidi ni Wafaransa.

“Ndio wale walioingia vitani wakipiga mpira”

Huo ni mkasa mwingine. Kapteni W. P. Nevill wa East Surrey aliwapa askari wake mipira waipige wakishambulia kule Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916. Aliuawa siku hiyo hiyo, na upande wa pili hakuna Mjerumani aliyeurudisha mpira.