Ada za mawakili Ayalandi: dhana potofu na ukweli

"Ada utaijua kesi ikiisha."

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tangu tarehe 7 Oktoba 2019, kifungu cha 150 cha Sheria ya Usimamizi wa Huduma za Sheria ya mwaka 2015 kinamtaka wakili ampe mteja notisi ya gharama kwa maandishi anapopokea kazi. Notisi itaje kiasi, pamoja na VAT ambayo ni asilimia 23. Kama kiasi bado hakikadiriki, ieleze hesabu itakavyopigwa. Kwa kesi ya mahakamani, ieleze kazi ya kila hatua, uwezekano wa kuhitaji wataalamu au wakili mwingine wa kusimama mahakamani, na gharama zitakazokuangukia ukijitoa njiani.

Notisi pia huweka muda usiozidi siku 10 za kazi ambao wakili haanzi kazi, ili mteja apate nafasi ya kufikiri. Mteja anaweza kumruhusu aanze mapema.

Mambo yakipanuka na gharama zikaelekea kupanda sana, wakili anapaswa kutoa notisi mpya. Wengi hutia saini ile ya kwanza bila kuisoma, halafu hawajui kama ya pili iliwahi kuja. Tunza zote, na ziwe na tarehe: ubishi wowote kuhusu ankara huanzia hapo.

"Wakili huchukua asilimia ya fidia."

Marufuku. Kifungu cha 149 hakimruhusu kutoza ada kama sehemu ya fidia. Marufuku hiyo haihusu madai ya deni au ya kiasi kinachojulikana. Wala hawezi kukata ada yake kwenye fidia bila wewe kukubali kwanza kwa maandishi.

Mapatano ya kutolipa ada usiposhinda yapo, lakini yanamhusu wakili wako tu. Ukishindwa, mahakama inaweza kukuamuru ulipe gharama za mpinzani wako. Uliza pia nani atalipia ripoti za madaktari, maana mara nyingi huhesabiwa kando na ada.

"Ukishinda, aliyeshindwa analipa yote."

Kwa kawaida aliyeshindwa huamriwa kulipa, ila zile gharama tu zinazoonekana za lazima kwa kesi. Unazodaiwa na wakili wako kwa makubaliano yenu ni hesabu nyingine, na pengo kati ya hizo mbili unaliziba wewe. Muulize mapema anakadiria pengo hilo kuwa kiasi gani.

"Ankara ikishalipwa, basi."

Bado kuna njia, ila saa inakimbia. Mwandikie wakili ndani ya siku 21 tangu upokee ankara, utaje kipengele unachokataa na kiasi unachoona ni haki. Kusema "ni ghali mno" hakutoshi. Msipoelewana, au usuluhishi ukigonga mwamba, peleka ombi kwa Ofisi ya Waamuzi wa Gharama za Kisheria ndani ya miezi 6 tangu ankara itolewe au miezi 3 tangu uilipe, lolote litakalotangulia.

Kabla ya kwenda, piga hesabu. Ankara ikipunguzwa kwa asilimia 15 au zaidi, gharama za uamuzi humwangukia wakili. Ikipungua chini ya hapo, ni zako. Kwa ankara ya euro 10,000, mpaka ni euro 1,500. Kwa ubishi wa euro 400, afadhali mazungumzo.

"Malalamiko yanamfuta wakili kazi."

Mamlaka ya usimamizi wa huduma za sheria, LSRA, hupokea malalamiko bure: huduma hafifu, gharama kupita kiasi, na mwenendo mbaya. Mawili ya kwanza yana ukomo wa miaka 3. Kwa huduma hafifu, fidia haizidi euro 3,000. Mwenendo mbaya ulio mzito huenda kwenye baraza la nidhamu, na kumfuta wakili kwenye orodha ni kazi ya Mahakama Kuu peke yake.

"Faili ni langu, nalichukua leo."

Kama unadaiwa, wakili ana haki ya kulizuia mpaka alipwe. Unapobadili wakili, mwombe huyu mpya aafikiane na wa zamani kuhusu malipo kwa maandishi. Fanya hivyo mapema, hasa kwenye madai ya kuumia, ambayo kwa kawaida yana ukomo wa miaka 2: tarehe hiyo haisimami kwa sababu faili limekwama kabatini.