Bomba la jikoni lenye nguvu asubuhi na kuchuruzika jioni

Nikiitwa kwenye nyumba ambayo bomba la jikoni halieleweki, mara nyingi nakuta pampu imeshanunuliwa, iko kwenye boksi. Naomba isubiri. Swali langu la kwanza ni hili: maji yanapungua saa ngapi, na nani mwingine anatumia maji wakati huo? Jibu lake hunionyesha pa kufungua kabla sijashika spana.

Nyumba nyingi ninazofanyia kazi hapa Dar es Salaam, jiko linapata maji kutoka simtanki lililo juu ya mnara. Presha ya maji ya tangi inatokana na kimo: mita 10 za maji ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Sasa chukua mnara wa mita 3, tangi lenye kina cha mita 1.5, na bomba la sinki lililo mita 1 kutoka ardhini. Tangi likijaa, maji yana kimo cha mita 3.5, yaani bar 0.35. Likikaribia kuisha, unabaki na bar 0.2 hivi. Karibu nusu ya nguvu imeondoka na hakuna kilichoharibika. Kununua tangi pana zaidi hakusaidii, maana upana hauongezi presha. Kinachosaidia ni kuinua mnara, au kujaza tangi mapema. Halafu kuna miksa, yaani bomba za kuchanganya maji ya moto na baridi, nyingi za kisasa zilizotengenezwa kwa ajili ya bar 1 na kuendelea. Hizo kwenye tangi la namna hii zitasusua tu, hata zikiwa mpya. Kabla hujalipia, muulize muuzaji inahitaji presha kiasi gani.

Kama maji yanapungua pale tu mtu anapooga, tatizo ni bomba moja jembamba linalolisha sehemu mbili. Kwa mabomba ya plastiki ya PPR, ukitoka milimita 25 ukaingia 20, kwa maji yaleyale msuguano unaongezeka karibu mara tatu. Njia kuu iwe pana, wembamba uanzie karibu na sinki.

Ikiwa bafuni maji yako sawa na jikoni peke yake ndiko kunasumbua, fungua kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa bomba. Kikishatoka, maji yakaja kwa kasi, umemaliza: osha mchanga, na kama kuna chokaa kiloweke kwenye siki. Mchanga huo huja sana maji yanaporudi baada ya mgao, hivyo siku hiyo acha bomba la nje litiririke kwanza.

Hitilafu inayochosha watu kuliko zote ni ya geti valvu. Ndani yake kuna kigeti kinachopandishwa na kushushwa na msumari wa mpini. Kutu ikila kiungo chao, kigeti kinaachana na msumari na kuning'inia ndani ya njia ya maji. Mpini unazunguka vizuri, unaamini valvu iko wazi, kumbe kigeti kinajishukia kinavyotaka. Leo maji yanajaa, kesho uzi mwembamba. Nikisikia mabadiliko yasiyo na saa wala sababu, naenda kwenye valvu. Dawa yake ni kuibadilisha, na hapo naweka valvu yenye tufe la chuma ndani, inayofungwa kwa robo mzunguko.

Bomba likitema mate na kukohoa, hewa imeingia. Tazama kama njia kutoka tangini inapanda na kushuka, kwa sababu hewa hukaa kwenye nundu, na presha ndogo ya tangi haiwezi kuisukuma. Nyoosha njia iteremke mfululizo, au weka bomba la kupumulia karibu na tangi, mdomo wake ukipita kimo cha maji.

Ukishayakagua yote na kimo ndicho kinachokosekana, toa pampu kwenye boksi. Ifungwe baada ya tangi, kamwe isifungwe kwenye bomba la mtaani: huko itawanyang'anya majirani maji, na palipo na ufa itavuta uchafu wa ardhini kuingia kwenye maji ya kunywa.