Eti bila kujua kodi huwezi kuandika manyuali za programu?

Kila nikikaa kijiweni Mwanjelwa na madogo wanaosoma kompyuta pale chuo cha MUST lazima mmoja aniulize, "bro we manyuali za sofutwea unaandikaje na Java yenyewe huijui?" (Kodi ninayoongelea hapa sio ya TRA jamani, ni ile ya madevelopa, maagizo wanayoandikia kompyuta kwa lugha kama hiyo Java.)

Eti lazima uwe programa kamili. Hapana, inategemea unamwandikia nani. Karani wa AMCOS ya kahawa (ushirika wa wakulima) kule Mbozi anayeingiza kilo za wakulima kwenye mfumo anataka ajue abonyeze wapi, na mtandao ukikata katikati afanyeje, Java yako haimsaidii kitu. Ila ukimwandikia developa anayeunganisha app yake na malipo ya simu kwa API, ile njia ya programu mbili kuongea, hapo sasa ujue kusoma JSON (mtindo wa kuandika data zinazopitishwa humo), ujue kutuma ombi mwenyewe kwa curl, kiprogramu cha kutuma maombi kwa kuandika amri, uone kinachorudi, la sivyo unaandika hadithi. Mi yalinikuta. Nilipewa mfano wa JSON nikakopi nikapesti, kumbe una koma baada ya kipengele cha mwisho, JavaScript (lugha nyingine ya programu, sio ile Java) inaivumilia hiyo koma ndo maana aliyenipa hakushtuka, lakini JSON haiitaki kabisa, mtu akahangaika na eraa siku nzima na lawama zote zikanishukia mimi. Dakika 2 tu za kujaribu ningeiona. Kwa hiyo wale wa "Kiingereza kizuri kinatosha" nao wanadanganyana.

Halafu kuna wanaojaza kwenye CV kwamba HTML na Markdown ni lugha za programu. Hizo ni za kupangilia maandishi. Markdown ipo tangu 2004, unaweka nyota mbili huku na mbili huku neno linakoza, jioni moja tu ya mvua zetu za Mbeya ushaimaliza. Git ndo itakutoa jasho, nayo wala sio lugha, inatunza matoleo ya mafaili.

Na eti developa ndo angeandika vizuri zaidi maana mfumo kautengeneza yeye. Thubutu! Kuna jamaa alinitumia maelezo yanaanza na "washa seva". Nikamuuliza naiwashaje, akanishangaa, "si unaandika npm start tu". Node yenyewe, programu inayohitajika ili hiyo npm ifanye kazi, kwenye laptopu yangu hata haikuwepo.