Kifundo Kinachoalika na Mfupa Unaosagika

Michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ikikaribia, viwanja vya shule hujaa watoto wa kukimbia na kuruka, na kauli ile ile husikika tena: "Mguu wake unalia, mifupa inasagana." Mtoto ana miaka 13. Amezungusha kifundo cha mguu, kimealika, na tayari amepewa ugonjwa wa wazee. Nyumbani ataanza kunyweshwa maji ya bamia na supu ya kongoro ili "mafuta ya viungo" yarudi.

Kualika ni sauti fupi ya kiungo kinapovutwa, kukunjwa au kuzungushwa. Kusagika ni gegedu, lile tabaka gumu lenye uso laini linalofunika ncha za mifupa, kulika hadi kupungua, mara nyingi baada ya miaka mingi. Kiungo cha namna hiyo hukwaruza kila kinaposogea, kama mchanga chini ya ndara, tena huwa kinauma na kukakamaa.

Sasa, mlio wa huyu mtoto umetoka wapi? Mara nyingi ni kwenye ute, majimaji yanayolainisha kiungo. Kiungo kikivutwa ghafla, mgandamizo ndani yake hushuka na gesi iliyoyeyuka kwenye ute hufanya uwazi mdogo, kiputo. Mwaka 1947 watafiti wawili wa London, Roston na Wheeler Haines, walipiga picha za eksirei za vidole vikivutwa, wakasema mlio ni kiputo kinapozaliwa. Mwaka 1971 wenzao wa Leeds wakasema hapana, ni kinapopasuka. Mwaka 2015 picha za MRI, mashine ya sumaku, zilizopigwa Kanada zilionyesha uwazi ukitokea na kubaki baada ya mlio, na ubishi ukaendelea. Lakini pande zote zinabishana juu ya kiputo. Hakuna aliyesema ni mfupa kugonga mfupa. Mlio huu unatambulika kirahisi: ukishatoka, kiungo hicho hakialiki tena kwa dakika kama 20.

Ukijirudia kila kifundo kinapozungushwa, yaelekea ni kano, kamba inayounganisha msuli na mfupa, inayoteleza juu ya mfupa. Nyuma ya kifundo, upande wa nje, hupita kano mbili zilizoshikwa na mkanda wa nyama ngumu. Zikialika bila maumivu, ziacheni. Ila kama mtoto aliwahi kuteguka na sasa kano inaonekana ikiruka mbele ya mfupa, mkanda huo huenda umechanika, na hapo aonwe na daktari.

Kinachonisumbua hasa ni kwamba masikio yetu yanatupeleka pasipo na shida. Maumivu ya kisigino ya watoto wanaokua, yaliyoelezwa na daktari Sever mwaka 1912, hutoka kwenye sehemu laini ya ukuaji inayovutwa na kano kubwa ya nyuma ya mguu. Hayana mlio. Mfupa wa katikati ya unyayo unaweza kupata ufa kwa kukimbia na kuruka kupita kiasi, nao hauliki wala haualiki. Mtoto anasema tu panauma juu ya mguu, palepale, kila akimaliza mazoezi. Huyu anaambiwa ajikaze, kwa kuwa mguu wake uko kimya. Yule mwenye kiputo ndiye anayepumzishwa.

Kuhusu bamia: ute wa kiungo hutengenezwa na utando wa kiungo chenyewe. Utelezi wa bamia huishia kwenye tumbo na utumbo, haufiki kwenye kifundo. Kongoro ni chakula kizuri, apewe kwa sababu ana njaa.

Mlio mmoja tu nawaomba makocha wauheshimu: ule unaotoka papo hapo mtoto anapoumia, ukifuatiwa na uvimbe. Asiposimama na kutembea hatua nne, apelekwe kupigwa eksirei.

Kwa mengine yote, mwalimu wangu, mzazi mwenzangu, sema "kifundo kinaalika", kisha muulize mtoto kama panauma, panavimba au panakwama. Akisema hapana, arudi mazoezini. Akisema panauma, mwambie aonyeshe kwa kidole ni wapi, hata kama hujasikia chochote.