Krismasi ya wawili Mji Mkongwe: yanayosemwa na yaliyopo

Desemba ikikaribia, wapenzi wengi huanza kupanga siku tatu nne za Unguja, na kila mmoja ana lake alilolisikia. Mengine ni ya zamani, mengine yametungwa na mapapasi (madalali wa watalii) wa bandarini, na mengine ni kweli kwa fukwe za Paje au Nungwi lakini si kweli kwa mjini. Hapa tunazungumzia Mji Mkongwe tu, kutoka Shangani hadi Malindi na Darajani. Kwa mfano tunachukua Krismasi ya 2026, kwa sababu kalenda yake ina mambo mawili yatakayokupangia safari utake usitake: Desemba 25 ni Ijumaa, na mwezi unapevuka Desemba 24.

"Zanzibar ni ya Waislamu, Krismasi huko haipo"

Ipo. Desemba 25 na 26 ni sikukuu za serikali, na benki na ofisi zote zinafungwa siku zote mbili. Kanisa la Anglikana la Mkunazini lenyewe lilianza siku ya Krismasi: jiwe lake la msingi liliwekwa Desemba 25, 1873, miezi michache tu baada ya soko la watumwa lililokuwa pale pale kufungwa. Shangani kuna Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji hawaliiti kwa jina hilo. Ni Minara Miwili, na minara hiyo huonekana tangu boti haijatia nanga. Saa na lugha ya ibada ya mkesha uliza mlangoni siku moja kabla, halafu fika nusu saa mapema. Anayefika saa ya kengele husimama.

Kisichokuwepo ni taa za rangi kila kona na nyimbo za Krismasi madukani. Hayo yatafute hotelini, mjini hutayaona, na kwa maoni yetu hakuna hasara.

Sasa Ijumaa. Sala ya Ijumaa itaangukia mchana wa Krismasi yenyewe, na kuanzia kama saa 6 maduka mengi ya vichochoroni hushusha milango, mengine mpaka saa 8. Njia zilizo jirani na misikiti mikubwa hujaa watu. Wawili waliotoka kanisani na njaa yao saa hiyo watazunguka wakikuta vitasa. Ama weka nafasi hotelini kwa chakula cha mchana, ama kunyweni chai nzito asubuhi mle baada ya saa 8.

Neno moja kuhusu picha za Mkunazini: uwanjani kuna mnara wa kumbukumbu wenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni. Si pahala pa kukumbatiana mbele ya kamera. Watu hufanya hivyo kila msimu, na wahudumu wa pale hawasemi kitu, lakini wanaona.

"Tutaingia Beit al-Ajaib"

Jengo hilo la sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake kubwa Desemba 25, 2020, siku ya Krismasi, na kuua watu. Lipangie kulitazama kutoka nje ukiwa bustani ya Forodhani. Ngome Kongwe iko ubavuni mwake.

"Teksi itatufikisha mlangoni"

Mara chache. Vichochoro vingi havipitishi gari, kwa hiyo teksi hukushusha ukingoni: Forodhani, Mkunazini, Darajani au Malindi, kutegemea hoteli iko upande gani. Kutoka hapo ni miguu. Sanduku la magurudumu madogo hukwama kwenye mawe na mifereji, na gurudumu likishatoka mnabeba kilo ishirini mikononi. Mwambieni mwenye hoteli awatumie hamali wa mkokoteni, na mkubaliane ujira kabla mzigo haujapanda.

Nyumba zenyewe ni za kale. Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, na nyumba nyingi hazina lifti. Kabla ya kulipa uliza mambo manne: chumba kiko ghorofa ya ngapi, kitanda ni kimoja au viwili vilivyosogezwa pamoja (samadari la picha si lazima liwe chumbani mwenu), kiyoyozi kinafanya kazi umeme ukikatika, na dirisha linatazama wapi. Chumba cha juu kabisa kina mandhari lakini dari lake hupigwa na jua kutwa nzima. Chumba kilichopakana na msikiti kitawaamsha kwa adhana karibu saa 11 alfajiri. Wanaoamka na kwenda ufukweni saa hiyo hupata mji mtulivu kuliko wakati wowote mwingine. Wasiotaka waombe chumba cha uani.

"Desemba ni kiangazi tupu"

Vuli huanza Oktoba na mara nyingine hukokota mguu hadi Desemba. Mvua yake si ya kutwa. Hushuka kwa kishindo kwa muda wa saa moja hivi, vichochoro vikawa mito, kisha jua likatoka kama hakukuwa na kitu. Wakati huo huo upepo wa kaskazi unaanza kuvuma, na mchana joto hufika nyuzi 31 au 32 na unyevu juu yake. Mwezi huo jua la adhuhuri linakaa karibu utosini. Tembeeni kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, na katikati mlale au mkae barazani. Wapenzi hugombana saa 7 mchana Mji Mkongwe kwa sababu ya kiu na kupotea njia, si kwa sababu nyingine.

Jua huzama karibu saa 12:35 jioni. Anayetaka meza ya juu ya paa kwa ajili ya machweo awe ameketi saa 12 kasorobo, na awe ameiwekea nafasi wiki kadhaa nyuma, kwani kuanzia Desemba 20 hadi mwanzo wa Januari meza hizo hushikwa mapema na hoteli nyingi hupandisha bei. Uliza pia kama chakula cha mkesha ni cha lazima; baadhi ya hoteli hukitia kwenye hesabu bila kukuambia.

"Nakupenda ipo wakati wowote"

Hili ndilo linaloharibu siku za wengi. Nakupenda ni fungu la mchanga lililo baharini mbele ya mji, karibu nusu saa kwa boti ya mashine kutoka ufukwe wa mjini. Jina lake limewafanya wapenzi wote walitake. Lakini fungu ni la bahari: maji yakijaa linapungua, na siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, linaweza kumezwa lote.

Hesabu ya kukadiria ni hii. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Maji ya siku hizo za mwandamo na mpevu ndiyo bamvua, ambayo tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika kama mita 4. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa itie Krismasi ya 2026. Mwezi unapevuka tarehe 24, na siku hiyo upo karibu sana na dunia, kwa hiyo bamvua lake ni kubwa. Tarehe 25 maji yatakupwa karibu saa 5 asubuhi na kujaa karibu saa 11 jioni. Maana yake, ondokeni saa 3 asubuhi, fungu mtalikuta pana, mkae hadi saa 7, mkimaliza mwende kisiwa cha Changuu kutazama makobe wakubwa, ambao kizazi chao kililetwa kutoka Ushelisheli. Papasi atakayekuuzia "machweo ya Nakupenda" siku hiyo anakuuzia maji. Msikilize nahodha. Yeye ana jedwali la maji, au analo kichwani.

Fungu halina mti, choo wala kivuli. Chukueni turubai (boti nyingi wanalo, uliza), maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, na viatu vya majini, kwani kwenye mwamba na majani kuna urumbi wenye miiba. Patana bei ya boti nzima, si ya kichwa, na uliza kama kiingilio cha Changuu kimo ndani. Hesabu maboya ya kuvaa kabla hamjapanda. Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi nchi kavu. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, boti haisogei ufukweni, kwa hiyo mtatembea majini hadi magotini. Nguo ndefu ya sikukuu iacheni chumbani.

"Hina nyeusi ndiyo nzuri, inakauka upesi"

Hina haina weusi. Majani yake hutoa rangi ya machungwa, na hiyo hukolea mpaka hudhurungi au wekundu wa giza ndani ya siku moja hadi mbili. Kinachotoka cheusi tii baada ya saa moja ni piko, na piko linalotumika siku hizi mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi. Ndani yake huwamo kemikali iitwayo PPD. Juu ya ngozi inaweza kuleta muwasho, malengelenge na makovu yenye umbo lile lile la ua lililochorwa. Dalili si lazima zije siku hiyo. Zinaweza kuchelewa hata wiki moja au mbili, wakati mmesharudi nyumbani. Mbaya zaidi, mwili ukishaikataa PPD huikataa moja kwa moja, na siku bibie atakapotia nywele rangi uso unaweza kuvimba.

Maharusi wa hapa hupakwa hina na piko pamoja, na wengi hawapati kitu. Hilo halikupi dhamana wewe.

Anayetaka hina ya Krismasi apakwe jioni ya tarehe 23. Uji wa hina ukae muda wa saa nne kwa uchache, ukilala nao ni bora, kisha ubanduliwe kwa kukwangua, si kwa kuosha. Usiku wa tarehe 24 rangi itakuwa imekolea. Muulize mpakaji ameichanganya nini: hina ya majani inanuka nyasi na limau. Ukiona anafungua pakiti ndogo ya unga mweusi, shukuru uondoke.

"Kanga yoyote ni zawadi"

Mwanamume hupita mtaa wa Mchangani, akapenda rangi, akalipa, akamfungulia mwenzake mbele ya watu. Jina la kanga linasema "Hasidi hana sababu". Mpokeaji wa pwani hapo atajiuliza hasidi ni nani.

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji wa katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Jina ndilo zawadi. Mwambie muuzaji wazi kwamba ni ya mke au mchumba, na usome mwenyewe kabla ya kulipa. Kanga huuzwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa urefu. Lazima vikatwe na vipindwe kwa cherehani, na mafundi wako hapo hapo mtaani, ila tarehe 25 na 26 wengi hawapo. Kwa hiyo inunuliwe kabla. Ifuliwe peke yake mara ya kwanza, nyekundu hasa, kwani huchuja. Kwa mwanamume kuna kikoi, na hakina maneno ya kumtia mtu mashakani.

"Wapenzi mbele, ruhusa zote"

Kushikana mikono hakumkeri mtu. Kubusiana barabarani, kaptura fupi na mabega wazi mjini ni jambo jingine, na kuna familia zinazokaa kwenye mabaraza hayo mnayoyapita. Mabega na magoti yafunikwe. Mtandio mmoja mkobani unatosha. Baadhi ya nyumba ndogo za wageni huuliza cheti cha ndoa, hasa wageni wakiwa Waswahili wenzao. Uliza kwa simu kabla ya kulipa, sio mapokezini saa 4 usiku.

"Forodhani chakula chote kimepikwa sasa hivi"

Si chote. Mishikaki na pweza wengi huwa wameshapikwa, hupashwa tu moto ukifika. Chagua kinachokaangwa mbele yako: ile iitwayo piza ya Zanzibar, ambayo ni chapati laini iliyojazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai ikakunjwa, ni salama zaidi kwa sababu hiyo. Bei iulizwe kabla mkono haujagusa sahani. Maembe ni msimu wake, juisi yake ikamuliwe ukiona.

Hati na kurudi

Mtanzania achukue kitambulisho. Mgeni kutoka nje ya Tanzania, tangu Oktoba 1, 2024, analazimika kuwa na bima ya Zanzibar ya dola 44, na anayetoka nchi yenye homa ya manjano awe na kadi ya chanjo. Fedha taslimu toeni tarehe 23, kwani mashine za benki hukauka sikukuu.

Tiketi ya boti ya kurudi Dar es Salaam ikatwe pamoja na ya kwenda. Tarehe 26 na 27 zinajaa. Kaskazi ikivuma safari hiyo ya muda wa saa mbili inayumba. Kaeni sitaha ya chini, nyuma kidogo ya katikati, na kidonge cha kichefuchefu kimezwe nusu saa kabla ya boti kung'oa nanga. Ukikimeza mkishapita kisiwa cha Chumbe, umechelewa.